Viwavi Wachanga wa Hariri: Maswali ya Wanaotaka Kujua Kama Kazi Hii Inalipa

Majibu haya yameegemea zaidi Karnataka, jimbo la kusini mwa India linaloongoza nchini humo kwa hariri. Huko kukuza viwavi wachanga na kuwauza ni biashara inayojitegemea, yenye vituo vyake, wateja wake na magomvi yake. Afrika Mashariki tutaifikia baadaye, kwa maana hesabu ya kwetu haifanani na ya kwao.

Chauki ni nini, na kwa nini mtu anunue wadudu badala ya mayai?

Kiwavi wa hariri hupita marika matano kabla ya kusokota kifuko chake, na kati ya rika na rika hujivua ngozi. Maisha yote ya kiwavi huchukua takriban siku 24 hadi 28. Marika mawili ya kwanza, yaani siku saba au nane hivi tangu kuanguliwa, wakulima wa Karnataka huyaita chauki. Kituo cha chauki hupokea mayai, huyaatamia, huangua, huwalisha viwavi mpaka wajivue ngozi mara ya pili, kisha huwakabidhi kwa mkulima. Mkulima anamalizia marika matatu yaliyobaki na kuvuna vifuko.

Anayezoea kufuga kuku wa nyama atauelewa mpango huu upesi: wachache sana hutotolesha vifaranga nyumbani, wengi hununua. Ila hapa mnunuzi hapewi kiwavi wa siku moja. Anapewa aliyekwisha kuvuka kipindi kigumu.

Kiwavi mchanga anakula kiasi gani?

Kidogo mno, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Akianguliwa huwa na uzito wa nusu miligramu au chini ya hapo. Akikomaa anafikia gramu nne au tano, yaani amekua mara elfu kumi hivi.

Tukipima kwa mitago 100 (mtago ni mayai ya nondo mmoja, kwa kawaida 400 hadi 500), unashika viwavi 40,000 hadi 50,000. Hao wote, katika marika mawili ya kwanza, watakula kilo 10 hadi 15 za majani ya mforosadi. Gunia moja linatosha na kubaki. Lakini mpaka kuvuna, mitago hiyo hiyo itahitaji kilo 900 hadi 1,200, na zaidi ya robo tatu ya majani hayo huliwa katika rika la tano peke yake.

Kwa hiyo mtu akitazama kapu la majani huona siku nane za mwanzo ni za bure. Kwa majani ni kweli, karibu ni bure. Gharama ya siku hizo iko kwingine.

Iko wapi, basi?

Iko kwenye joto, unyevu, usafi na macho ya mtu. Rika la kwanza linataka nyuzi 27 hadi 28 za selisiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 85 hadi 90. Rika la tano linataka nyuzi 23 hadi 24 na unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Nyumba moja haiwezi kuwa hivi na vile kwa wakati mmoja, na mkulima mwenye banda moja lenye madirisha mapana, linalomfaa kiwavi mkubwa, ndiye mwenye banda baya kabisa kwa kiwavi mchanga. Atafunga madirisha, atawasha jiko, atatundika magunia yaliyoloweshwa, na bado saa nane usiku joto litashuka.

Kiwavi mchanga pia ndiye anayepokea ugonjwa kwa wepesi zaidi. Kiasi cha virusi ambacho mkubwa angekivumilia humwangusha mdogo. Na jani analolishwa likikauka, hawezi kulitafuna. Hufa njaa akiwa juu ya chakula.

Hesabu ya kituo cha chauki inakaaje?

Tufanye mfano. Namba za fedha hapa nimezichagua ili hesabu ionekane. Si bei za soko, na unaweza kuzisoma kwa fedha yoyote utakayo.

Tuseme kituo kina uwezo wa mitago 5,000 kwa mkupuo mmoja. Mayai ya mitago 100 kituo kinanunua kwa 1,000. Majani, karatasi, chokaa na dawa za usafi kwa mitago 100 vinagharimu 400. Kituo kinauza viwavi wa mitago 100 kwa 2,400. Inabaki 1,000 kwa kila mitago 100.

Sasa weka gharama zisizojali umeuza kiasi gani: mishahara ya mkupuo mzima, umeme, riba ya mkopo wa jengo, uchakavu wa vifaa. Tuseme 30,000 kwa mkupuo.

Kituo kikijaa, yaani mitago 5,000, kinapata 50,000, kinatoa 30,000, kinabaki na 20,000. Oda zikiwa 3,000, kinapata 30,000 na zote zinakwenda kwenye gharama. Watu wamefanya kazi, mlango umefunguliwa, faida sifuri. Oda zikiwa 2,000, mwenye kituo anatoa 10,000 mfukoni ili wateja wake wapate viwavi.

Angalia jambo moja hapo. Bei ya majani ingepanda maradufu, mwenye kituo angelalamika na kuendelea. Oda zikipungua kwa asilimia 40, amekwisha. Hii ni biashara ya kujaza nafasi, na anayeipima kwa ekari za mforosadi anapima kitu kisichoamua.

Jambo la pili ni baya zaidi. Tuseme mkupuo mmoja umekufa, au umetoka na ugonjwa na umelazimika kurudishia wateja fedha zao. Umepoteza mayai na majani ya mitago 5,000, ambayo ni 70,000, pamoja na zile 30,000 za kudumu. Jumla 100,000. Faida ya mikupuo mitano iliyojaa imeliwa na mmoja. Ndiyo maana vituo vinavyodumu hutumia fedha kwenye usafi kwa namna ambayo mgeni angeiona ya kupindukia: kubadilisha ndala mlangoni, beseni la dawa la kukanyagia, kunawa mikono kabla ya kila mlo wa viwavi, kuosha sakafu na chanja kwa unga wa klorini uliochanganywa na chokaa kati ya mkupuo na mkupuo.

Kituo cha ukubwa huo kinahitaji wateja wangapi?

Swali hili ningependa watu waliulize kabla ya lile la mkopo.

Kulisha huchukua siku nane, kuosha na kukausha siku mbili tatu. Kwa chumba kimoja, ukijitahidi, unafikia mikupuo mitatu kwa mwezi. Tuseme 30 kwa mwaka, kwa maana kuna sikukuu, kuna mvua, kuna miezi ambayo wakulima hawataki. Mikupuo 30 ya mitago 5,000 ni mitago 150,000.

Mkulima wa kawaida akichukua mitago 200 kila mara, na akifuga mara tano kwa mwaka, anachukua mitago 1,000. Unahitaji wakulima 150 wa namna hiyo, wote karibu nawe, wote wakifuga kwa zamu zinazopokezana. Wakitaka viwavi wote wiki moja, kituo kitafurika wiki hiyo na kulala mwezi mzima.

Katika maeneo ya Karnataka yenye hariri nyingi, kama Ramanagara, Kolar, Chikkaballapur na Mandya, wakulima 150 wanapatikana kwa mwendo wa pikipiki. Mji wa Ramanagara wenyewe una soko la vifuko linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote barani Asia. Vifuko hupigwa mnada hapo kila siku na wenye mashine za kufumua uzi hununua papo hapo. Kituo cha chauki kimesimama juu ya msongamano huo wa watu. Ukikihamisha na kukipeleka mahali pasipo na msongamano, unahamisha jengo tu.

Mkulima anayenunua anapata faida gani kuliko kuangua mwenyewe?

Kwanza siku. Viwavi wakifika bandani wakiwa katika kujivua ngozi mara ya pili, kazi iliyobaki ni ya siku 17 hadi 20 hivi. Banda linakuwa huru mapema, linaoshwa vizuri na kupumzika. Wakulima wengi wenye maji ya kumwagilia huligawa shamba mapande mawili wapate kufuga mara nyingi zaidi kwa mwaka, na mpango huo hauendi kama banda limeshikwa na watoto wa kiwavi kwa wiki nzima ya ziada.

Pili ni ulingano. Viwavi walioanguliwa siku moja na kulishwa sawasawa hujivua ngozi pamoja, hula pamoja, husokota pamoja. Wasipolingana, unapowalisha walioamka unawafunika kwa majani wale waliolala, na unapowasubiri waliolala unawanyima walioamka. Mwisho wa safari wengine wanapanda kusokota na wengine bado wanakula, na wewe na familia yako hamlali siku nne mfululizo.

Tatu ni mavuno. Chukua viwavi 40,000 wa mitago 100. Asilimia 90 wakifika mwisho na kila kifuko kikiwa na gramu 1.6, una kilo 57 na kitu. Asilimia 65 wakifika, una kilo 41 na nusu. Kilo 16 zimepotea. Linganisha thamani ya kilo hizo 16 na nyongeza uliyolipa juu ya bei ya mayai, kwa bei za soko lako siku hiyo. Mara nyingi hesabu hiyo ndiyo inayomaliza ubishi.

Na kuna jambo ambalo hesabu hiyo hailioni. Kiwavi aliyeambukizwa virusi vya graseri au aliyedhoofishwa na njaa katika rika la kwanza hafi lazima katika rika la kwanza. Wengi hufa rika la tano, wakati wamekwisha kula majani yako yote, vibarua wamekwisha kulipwa na umebakiwa na siku tatu usokotaji uanze. Kosa la siku ya tatu linalipwa siku ya ishirini na tatu, tena kwa bei ya siku ya ishirini na tatu. Hapa ndipo ilipo thamani ya chauki nzuri.

Bei hupangwaje? Mbona kituo kimoja ni ghali kuliko kingine kilicho jirani?

Kwa kawaida bei hutajwa kwa mitago 100, mayai yakiwa ndani yake. Aina ya mayai huibadilisha: mahuluti yanayotoa uzi mrefu na mweupe, kama yale ya ukoo wa CSR yaliyotolewa na watafiti wa mji wa Mysuru, Karnataka, huuzwa tofauti na chotara wa jike la asili la Pure Mysore, ambalo ni gumu na linavumilia joto. Umbali wa kupeleka huongeza. Sifa ya kituo huongeza zaidi ya vyote, na ni haki yake.

Mimi ningemshuku muuzaji wa bei ya chini sana. Pa kubana ni pachache: amenunua mayai yasiyojulikana yalikotoka, au amepunguza milo, au anauza viwavi wa mitago 90 kwa jina la 100. Hilo la mwisho mteja hawezi kuligundua kwa macho.

Malipo ni taslimu au mali kauli?

Kwa desturi mteja huweka oda mapema na kuacha kishika nafasi. Kituo kizuri kitakueleza waziwazi: kishika nafasi mbele, salio siku ya kuchukua. Katika maisha halisi wateja wengi huomba wamalize kulipa baada ya kuuza vifuko, yaani wiki tatu baadaye. Kituo kinachokubali mali kauli kwa kila mtu kinajikuta kimekuwa benki ya kijiji bila riba, na mvua ikiharibu mavuno ya kijiji, deni lote linaoza pamoja. Afadhali kumpunguzia bei kidogo anayelipa taslimu.

Mayai yatoke wapi?

Yatoke kwenye kituo cha mbegu kilichoidhinishwa. Hili si la kujadiliwa.

Katikati ya karne ya 19 ugonjwa wa pebrini uliangamiza ufugaji wa hariri Ufaransa. Louis Pasteur alitumwa kusini mwa nchi hiyo, eneo la Alès, akafanya kazi kati ya 1865 na 1870, na akaonyesha kwamba ugonjwa hupita kutoka kwa nondo mama hadi kwenye yai. Njia aliyoiacha ni rahisi kuieleza: kila nondo atagie mahali pake, kisha asagwe na kutazamwa kwa darubini, akionekana na vimelea, mayai yake yanachomwa. Kuanzia hapo dunia nzima ya hariri inauza mayai kwa mtago uliokaguliwa, na kipimo hicho ndicho kilicho nyuma ya kila bei iliyotajwa hapa.

Kituo cha chauki hakiwezi kuiponya pebrini iliyokuja ndani ya yai. Kinaweza tu kuisambaza kwa wateja 25 kwa siku moja. India iliona hatari hiyo: kanuni zake za mbegu za hariri za 2010 zinawataka hata wenye vituo vya chauki wasajiliwe, si watengeneza mayai peke yao.

Shamba la mforosadi la chauki linatofautianaje na la kawaida?

Kiwavi mchanga anataka jani laini, lenye maji mengi na protini. Katika rika la kwanza hulishwa majani ya karibu na ncha, lile kubwa linalong'aa likiwa ndiyo alama ya kuchagulia, na hukatwa vipande vya nusu sentimita hivi. Majani ya chini, ambayo kiwavi mkubwa angeyashangilia, kwa huyu ni kama ubao.

Kwa hiyo shamba la chauki hukatiwa mapande kwa tarehe tofauti, ili kila mkupuo ukute majani ya umri ufaao. Humwagiliwa mara kwa mara na kutiwa samadi kwa wingi. Aina ya mforosadi iitwayo S-36 hupendwa kwa ulaini wa jani lake; V-1, iliyotolewa Mysuru miaka ya 1990, hupendwa kwa wingi, kwani kwenye umwagiliaji mzuri hutajwa kufikia tani 60 za majani kwa hekta kwa mwaka.

Rudi kwenye kituo chetu cha mfano: mikupuo 30, kila mmoja kilo 750 za majani, ni tani 22 na nusu kwa mwaka. Kwa kuwa huvuni kila jani bali yale laini tu, tenga ekari mbili na usijibane. Na uangalie jirani. Dawa ya wadudu iliyopigwa kwenye nyanya za shamba la pili, ikipeperushwa na upepo juu ya mforosadi wako, itaua mkupuo mzima, na dawa imefanya kazi yake tu, kwa maana kiwavi wako naye ni mdudu. Tumbaku vilevile: mforosadi uliopandwa kando ya tumbaku hunasa sumu yake. Anayefikiria mradi huu Urambo au Chunya, wilaya za tumbaku huko Tanzania, alipime hilo kwanza.

Jengo na vifaa ni vya gharama kubwa?

Si lazima. Unahitaji chumba cha kuatamia na kulea kinachozibika vizuri, chumba cha kuhifadhi majani chenye ubaridi, na chumba cha kukabidhia ambacho wateja hawavuki. Ndani yake chanja za kupanga trei, karatasi ya nta ya kufunika viwavi jani lisikauke, vipande vya sponji vyenye maji kando ya trei, kipimajoto na kipima unyevu, kinyunyizio cha dawa, hita.

Hita iwe ya umeme kama umeme upo. Mkaa hutoa hewa inayoua viwavi na walinzi wao pia.

Kipande kimoja ambacho watu hukisahau ni kitambaa cheusi. Siku moja au mbili kabla ya kuanguliwa, yai huonyesha doa jeusi, na hapo mayai hufunikwa gizani. Yanapofunuliwa alfajiri kwenye mwanga, yanaanguliwa karibu yote kwa pamoja. Ulingano ule niliouzungumzia hapo juu unanunuliwa kwa kitambaa hicho cha bei ndogo.

Kazi ni ya watu wangapi?

Kwa vituo vidogo, mmoja mwenye ujuzi na wasaidizi wawili watatu, kazi ikizidi siku ya kukabidhi. Yule mwenye ujuzi ndiye asiye na mbadala. Anapaswa kutambua kwa kutazama kwamba viwavi wameanza kulala ili wajivue ngozi, aache kulisha, aondoe karatasi, anyunyize chokaa wakauke. Na atambue wameamka, asiwalishe mapema kabla wengi hawajaamka. Mlipe vizuri. Ukimpoteza katikati ya mkupuo, hita na kipima unyevu havitakusaidia.

Viwavi husafirishwaje?

Wakiwa wamelala, yaani katika ule usingizi wa kujivua ngozi mara ya pili, kwa sababu hawali wala hawatembei. Trei au karatasi zilizokunjwa, alfajiri au jioni, kamwe si jua la saa saba. Mwendo wa saa mbili hauna neno. Ukivuka hapo kwenye barabara ya vumbi, wataamka njiani wakiwa na njaa na mteja atapokea viwavi waliochoka.

Umbali huu ndio mpaka halisi wa soko la kituo. Chora duara la saa mbili za barabara kwenye ramani, hesabu wakulima waliomo, na umejua ukubwa wa biashara yako.

Viwavi wakifa kwa mteja, nani alipe?

Hapa ndipo magomvi yanapozaliwa. Mteja atasema viwavi walikuja wagonjwa. Kituo kitasema banda la mteja halikuoshwa. Mara nyingi wote wawili wana sehemu ya ukweli.

Njia inayosaidia ni ya kumbukumbu. Kituo kiandike namba ya mayai, tarehe ya kuanguliwa, asilimia iliyoanguliwa, na wateja wote waliochukua mkupuo ule. Ikiwa wateja 25 walichukua na 20 wamelia, kosa ni la kituo au la mayai. Ikiwa mmoja tu amelia, akatazame banda lake. Bila daftari hilo, mwenye sauti kubwa ndiye mshindi. Makubaliano yatajwe mapema: kituo kinawajibika mpaka rika la tatu liishe, au vinginevyo, lakini yatajwe.

Nimesikia kuna chakula cha viwandani badala ya majani. Kinafaa?

Japani walifika mbali katika hilo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 vyama vya ushirika vya huko vililea viwavi wachanga kwa chakula cha kutengenezwa, chenye unga wa majani ya mforosadi na soya, katika vyumba visafi mno. Kwa viwavi wachanga kinawezekana kwa sababu wanakula kidogo; kwa rika la tano gharama ingekuwa ya kutisha. Kwa nchi yenye majani mabichi mwaka mzima na vibarua wa bei nafuu, sioni sababu ya kukikimbilia.

Je, biashara hii inawezekana Afrika Mashariki?

Hali ya hewa si kikwazo. Mforosadi unaota vizuri kuanzia nyanda za Kenya hadi Rwanda, na majani yapo mwaka mzima, jambo ambalo Wajapani hawakuwa nalo. Kenya ina kituo cha utafiti wa hariri Thika chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi, imefanya kazi ya hariri na vikundi vya wakulima kwa miaka mingi. Rwanda imeiweka hariri chini ya NAEB, bodi inayosimamia mazao ya kuuza nje. Uganda nayo ina mashamba ya mforosadi. Nyanda za baridi zitadai hita usiku, lakini hilo linatatulika.

Kikwazo ni lile duara la saa mbili. Wakulima 150 wanaofuga mara tano kwa mwaka katika duara moja ni wengi kwa karibu kila mahali kwetu leo. Na hawatakuwepo mpaka awepo mnunuzi wa vifuko anayelipa kila wiki, kwa kuwa vifuko vibichi havingoji: nondo akitoboa kutoka, uzi mrefu umekatika na thamani imeanguka. Mpangilio, kwa maoni yangu, ni mnunuzi au mashine ya kufumua uzi kwanza, wakulima pili, kituo cha chauki tatu. Miradi inayoanza na jengo zuri la kuleta wageni imeanza mkiani.

Kinachowezekana mapema ni kitu kidogo zaidi: mkulima mmoja hodari kijijini, mwenye chumba kimoja kinachozibika, awalelee majirani kumi mitago 1,000 kwa mkupuo. Gharama zake za kudumu ni ndogo, na yeye mwenyewe anafuga, kwa hiyo oda zikipungua bado chumba chake kina kazi. Halipwi mshahara na mradi, na ndiyo nguvu yake. Watu wa vyama vya ushirika wa kahawa au maziwa wataona hapa mambo wanayoyajua: daftari, zamu, na mtu mmoja anayeaminiwa.

Mimi ni mkulima mmoja tu, hakuna kituo karibu. Nifanye nini?

Lea mwenyewe, lakini usiwalee ndani ya banda la wakubwa. Tenga chumba au hata kisanduku kikubwa cha mbao chenye taa ya kupasha joto na bakuli la maji. Anza na mitago 20 au 25. Majani ya marika mawili hayatafika kilo nne, kwa hiyo ukikosea hasara ni ya mayai tu. Mlishaji wa wachanga asiingie kwa wakubwa kisha akarudi. Kama hamna mtu wa pili, wahudumie wachanga kwanza asubuhi, wakubwa baadaye, na usigeuze utaratibu huo hata siku moja.

Kinyesi na mabaki ya majani vina kazi?

Ni mbolea nzuri, ila kwa kituo cha chauki ni kidogo kiasi kwamba hayaingii kwenye hesabu. Yaozeshe shimoni na kufukiwa kwanza. Ukiyatupa mabichi chini ya mforosadi unarudisha virusi kwenye majani utakayolishia mkupuo ujao.